Kibali cha Kumlilia Meya

Inatangazwa kwa wakazi wote wa jiji, wenye nyumba, wapangaji na wale wanaolala madukani kulinda mali za wengine, kwamba zoezi la kumsihi Meya asiondoke madarakani limefanyika kwa mafanikio makubwa. Wananchi walilia. Meya alisikia. Meya amekubali kubaki. Maneno mengine yoyote yanayosemwa kwa vinyozi na kwenye foleni za maji hayakupitia ofisini kwangu, na kwa hiyo hayajatokea.

Mimi ndiye Afisa Itifaki Mwandamizi wa jiji, na pia Katibu wa Kamati ya Kilio cha Umma. Ningeweza kuishia hapo, maana tangazo limekamilika. Lakini siku hizi watu hawatosheki na tangazo. Wananishika mkono barabarani: "Bwana Itifaki, hebu tuambie, ilikuwaje hasa?" Basi nitasema ilivyokuwa, taratibu, ili kila mtu aone kwamba hakuna kilichoharibika.

Mheshimiwa alilitumikia jiji hili muda mrefu hivi kwamba mama mkwe wake mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Meya hata anapomtuma chumvi. Alipoingia madarakani alikuta barabarani mashimo yasiyo na mpangilio wowote. Leo kila shimo limesajiliwa. Alikuta taka zikizolewa bila mpango. Leo mpango upo, una jalada gumu, na mtu yeyote anaruhusiwa kuutazama. Zamani maji yalikuwa yakitoka siku yoyote yatakayo yenyewe. Siku hizi kuna ratiba, na yasipotoka unajua kabisa ni siku ipi hayakutoka.

Lakini kilichomweka Mheshimiwa mioyoni mwa watu ni unyenyekevu. Kila kipindi chake kilipokaribia kwisha, alisimama mbele ya wananchi na kutangaza kwamba amechoka, anajiuzulu, anataka kwenda kufuga nyuki na kuwapisha vijana. Hapo wananchi waliangua kilio. Mheshimiwa alikisikia, akainamisha kichwa, akatoa leso, akasema, "Mimi ni nani hata nikatae?" Akabaki.

Mara ya kwanza kabisa, tulipokuwa bado tunategemea hiari, alilia fundi wake wa suti peke yake. Tukafanya tathmini. Tukagundua kwamba wananchi wana majonzi ya kutosha, ila hayajaratibiwa. Ndipo ikaundwa Kamati, na Mheshimiwa akapitisha Sheria Ndogo ya Kilio cha Umma. Inasema hivi: Meya akitangaza hadharani kwamba anajiuzulu, amejiuzulu kweli, na Naibu wake anakaimu hapo hapo, isipokuwa kilio cha umma kisikike kwenye uwanja wa jengo la jiji kabla ya kikao cha baraza kinachofuata. Tulimshauri alegeze kidogo. Akakataa. Alisema kuondoka kwake lazima kuwe kwa kweli, ama sivyo watu watalia kimzaha.

Kazi ya kulia tulimkabidhi Bi Kwikwi. Huyu ni mama aliyekuwa akiuza mitumba, na jina hilo amepewa na jiji zima kwa kipaji chake misibani: humlilia mtu asiyemjua mpaka ndugu wa marehemu wanaona haya. Alikuwa akiwafunza watu wake katika gereji ya magari ya taka, ambayo ina nafasi kwa kuwa magari yenyewe yamekwama huko nje. Ukipita asubuhi unamsikia.

"Wewe wa kofia, unalia kama umekanyagwa kidole. Huyu anaondoka, hajakukanyaga."

"Samahani, mama."

"Na nyinyi wa nyuma, subirini. Kilio kinaanzia mbele kinakwenda nyuma, kama watu wanapokezana ndoo. Mkianza wote kwa pamoja ni ajali, si msiba."

Sasa lazima nieleze jambo moja la kiutaratibu, nalo ndilo lililotufikisha hapa. Miaka ya nyuma wananchi fulani walikusanyika nje ya jengo la jiji kuuliza habari za maji. Mheshimiwa aliumia sana, na akapitisha sheria nyingine: mkusanyiko wowote wa watu wanaotoa sauti ya pamoja, iwe ya furaha, ya huzuni au ya kuuliza, ni lazima uwe na kibali chenye saini ya Meya kwa mkono wake. Kwa hiyo kwetu mambo yalikwenda kwa mpangilio. Kwanza Meya anasaini kibali cha kumlilia. Halafu Bi Kwikwi anapanga watu wake. Mwisho Meya anajiuzulu. Mpangilio huo haukuwahi kukosewa hata mara moja, mpaka siku ya choo.

Choo chenyewe ni kile cha umma, cha stendi ya mabasi. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kukizindua mara kadhaa, maana kila kinapotengenezwa mlango kinahesabiwa kuwa kipya. Kilikuwa kimefungwa tangu mwanzo wa juma kikisubiri utepe. Siku ya uzinduzi mabasi ya masafa marefu yalikuwa yameingia kwa pamoja, na tulipofika tulikuta umati ambao sijawahi kuuona maishani. Watu wamesimama kwa kubanana, kimya, macho yote kwa Mheshimiwa. Wengine wanauma midomo. Wengine wameshikana mikono.

Mheshimiwa aliniinamia sikioni. "Unawaona?"

"Nawaona, Mheshimiwa."

"Hawa hatukuwaleta sisi."

"La, Mheshimiwa. Wamekuja wenyewe."

"Mtazame yule mama wa kanga ya bluu. Hawezi hata kusimama mahali pamoja. Mapenzi gani haya?"

Nilipaswa kusema kitu. Lakini itifaki hairuhusu afisa kumweleza Mheshimiwa habari za haja ndogo, na nilipokuwa bado natafuta lugha ya kiofisi, yeye alikwisha kushika kipaza sauti. Alizungumza kuhusu safari yake. Umati ukazidi kunyamaza. Alizungumza kuhusu maono yake kwa jiji. Mzee mmoja mbele akafumba macho kwa uchungu. Mheshimiwa akaona machozi yakimlengalenga mzee yule, naye akazidiwa. Nikamvuta koti, jambo ambalo ni kosa la nidhamu, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka.

"Ndugu zangu, nimechoka. Kuanzia sasa hivi, najiuzulu."

Akainamisha kichwa. Akatoa leso. Akasubiri.

"Umemaliza?" akauliza yule mzee wa mbele.

"Nimemaliza," Mheshimiwa akajibu kwa sauti ya kutetemeka.

"Basi kata utepe, baba."

Alikata. Kwa haki kabisa niseme kwamba sijawahi kuona hotuba ya Mheshimiwa ikipokelewa kwa shangwe kama ile. Watu walipiga vigelegele, wakatupita mbio kushoto na kulia, wengine wakimshukuru kwa kumgusa bega. Mwandishi wa redio alikuwa ndani ya umati huohuo, na alipotoka mle chooni, mtulivu na mwenye fikra zilizotengemaa, akaitangaza habari nzima hewani kabla gari letu halijageuza.

Ndani ya gari Mheshimiwa aliikunja leso yake polepole. Kisha akasema, "Walipiga makofi."

"Ya majonzi, Mheshimiwa."

"Kuna makofi ya majonzi?"

"Yapo. Yameanza karibuni."

Kikao cha baraza kilikuwa Ijumaa. Kama hadi hapo kilio kisingesikika uwanjani, Mheshimiwa angekuwa raia wa kawaida moja kwa moja. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, ni suala la kiutendaji tu. Nikamfikisha nyumbani.

Mkewe alikuwa ameshasikia redio. Tulimkuta sebuleni amekwisha kuhamisha lile jukwaa dogo ambalo Mheshimiwa hulitumia kuzungumza na wajukuu. Mahali pake ameweka kiti cha kawaida, chenye mto.

"Karibu nyumbani, baba watoto," akasema. "Kaa."

"Mama watoto, kumetokea hitilafu kidogo."

"Hitilafu gani? Umesema kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya choo, jiji zima limesikia. Mimi nimekaa na Meya miaka yote hii. Sasa nataka kukaa na mume."

"Watanisihi. Ni mpaka Ijumaa tu."

"Na wakusihi. Mimi nikija kukusihi, nitakusihi ubaki hapo kwenye kiti."

Mheshimiwa alikaa ukingoni mwa kile kiti kama mgeni asiyejua kama atapewa chai. Akatazama mikono yake. Nilimwonea huruma, niseme kweli, maana alizungumza kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia katika utumishi wangu.

"Nikiamka asubuhi," alisema, "nifungue nini?"

"Fungua dirisha," mkewe akamjibu. "Humu ndani kuna joto."

Nilikwenda gereji moja kwa moja. Bi Kwikwi alikuwa amepumzika juu ya tairi, anapepea uso kwa kipande cha boksi.

"Mama, tunahitaji kilio. Kikubwa. Kabla ya Ijumaa."

"Kibali kiko wapi, mwanangu?"

"Kibali kitafuata."

"Basi na kilio kitafuata." Akaendelea kupepea. "Usinitazame hivyo. Mara ya mwisho nilipolia bila kibali ni kwenye msiba wa shangazi yangu. Tumbo moja na baba yangu. Askari wenu wakaniondoa na jeneza halijatoka. Wakaniambia tunatoa sauti ya pamoja bila saini ya Meya. Tangu siku ile mimi silii bila karatasi."

"Lakini huyu ni Mheshimiwa mwenyewe."

"Ndiyo. Ndiye aliyeisaini sheria."

Sheria ni nzuri hasa pale inapomfikia kila mtu, na hiyo ilikuwa ikitufikia.

Mwenye saini sasa alikuwa Naibu Meya, aliyekuwa Kaimu Meya tangu ule utepe ulipokatwa. Watumishi humwita Sawasawa, kwa sababu katika vikao vyote vya baraza hakuwahi kusema neno jingine. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, pembeni ya mifagio, na ina mteremko wa dari unaomlazimu mtu kukaa akiwa ameinamisha kichwa kidogo, jambo ambalo lilimfaa kwa kazi yake. Nilimkuta ghorofani, ofisini kwa Meya, amesimama katikati ya zulia. Alikuwa ananyoosha shingo.

"Mheshimiwa Kaimu, kuna kibali hapa cha kusaini. Wananchi wanataka kumlilia Mheshimiwa."

"Sawasawa," akasema. Nikatoa kalamu. Halafu akaendelea kuzungumza, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi. "Jalada liache hapo mezani."

"Ni la haraka, Mheshimiwa."

"Nimeona. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyenifundisha: jalada la haraka ukiliweka juu, linayaonea wivu yaliyo chini. Liweke chini kabisa, lizoee."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa itakuja, usiisukume." Akazunguka meza, akakigusa kile kiti kwa kidole kimoja kama mtu anayepima moto wa pasi. "Mwombaji wa kibali ni nani?"

"Kamati ya Kilio cha Umma."

"Kamati ni chombo cha Meya. Kwa sasa Meya, kwa kukaimu, ni mimi. Siwezi kujiandikia barua, nikaipokea, nikajikubalia. Watu watasemaje? Aje raia mwenye shida yake, apite dirishani kama raia wengine."

Nilikiri moyoni kwamba jibu lilikuwa na mantiki ya kiutawala ya hali ya juu. Mtu anaweza kukaa chini ya ngazi miaka mingi, kumbe anasikia kila hatua inayopita juu yake.

Tukatafuta raia mwenye shida. Mimi ni mtumishi, siruhusiwi kuwa na shida. Fundi wa suti alisema kwa sasa ana wateja wengine. Mke wa Mheshimiwa tulimuuliza kwa heshima zote, naye akatujibu kwa heshima zote kwamba anapika. Mwishowe ikaonekana kwamba katika jiji zima raia mwenye shida hiyo ni mmoja tu. Siku iliyofuata, mapema, nikampeleka Mheshimiwa kwenye dirisha la vibali.

Dirisha hilo lipo nyuma ya jengo, upande wa jua. Kioo kimetobolewa tundu dogo usawa wa kitovu cha mtu mzima. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeelekeza liwekwe hapo, ili mwananchi akizungumza na serikali ainame kwanza atulize mawazo. Hakuwahi kuliona kwa upande huu. Aliinama. Mgongo ukalia.

Karani alikuwa msichana mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, anachagua vifutio kutoka kwenye mkebe. Hakuinua uso.

"Kitambulisho."

"Sijawahi kuulizwa kitambulisho, binti."

"Ndiyo unaulizwa sasa, mzee wangu."

"Hebu geuka utazame ukutani nyuma yako."

Akageuka. Ukutani kulikuwa na picha rasmi ya Mheshimiwa, ile iliyopigwa alipoapishwa.

"Nimemwona. Meya huyo."

"Na mimi?"

Akamtazama kupitia tundu, akaitazama tena picha, akamtazama tena. Alifanya kazi yake kwa uangalifu, siwezi kumlaumu.

"Mzee wangu, huyo ana nywele. Kama ndiye aliyekutuma, mwambie aje mwenyewe."

Benchi zima la waliokuwa wakisubiri likacheka. Ilinibidi niandike barua ya utambulisho hapo hapo, nimeegemea ukuta, kuthibitisha kwamba namfahamu mwombaji na kwamba ana tabia njema. Karani akaisoma, akachukua fomu.

"Mkusanyiko wa nini?"

"Wa watu kunisihi nisiondoke."

"Uondoke wapi?"

"Madarakani."

"Si redio imesema umeshaondoka?"

"Nimeshaondoka, ndiyo."

"Sasa watu wanakusihi usifanye ulichokwisha kukifanya."

"Ndivyo ilivyo."

Akafikiri kidogo. "Nitaandika 'Mengineyo'. Kaa kwenye benchi. Ukisikia unaitwa, umeitwa."

Mheshimiwa alikaa. Jirani yake, fundi bomba mwenye ndevu nyeupe, akamgusa goti. "Sogea huku, kaka. Hapo kuna msumari. Sote umeshatuchania suruali."

"Asante. Unasubiri siku nyingi?"

"Mimi nilikuja kuomba kibali cha harusi ya binti yangu. Basi binti akachoka kusubiri, wakaoana kimyakimya. Sasa hivi ana mtoto. Nimebadilisha maombi, nasubiri cha sherehe ya mjukuu."

"Hii si haki," akasema Mheshimiwa, na nadhani alimaanisha. "Nani aliyeuweka utaratibu wa namna hii?"

Fundi alikuna ndevu zake. Alielekeza kidevu chake dirishani, ukutani, kwenye ile picha yenye nywele.

Mheshimiwa alikaa pale mpaka dirisha lilipofungwa. Kesho yake alirudi. Aliketi mbali na ule msumari, na nikamsikia akimwonya mama mmoja aliyekuja mara ya kwanza asogee. Siku hiyo pia hakuitwa. Kila jioni alinipigia simu kuniuliza kama Bi Kwikwi yuko tayari, na kila jioni nilimjibu kwamba mchakato unaendelea vizuri, jibu ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na nilisikia kwenye simu jinsi linavyomtia mtu baridi ukiwa upande ule mwingine.

Ijumaa asubuhi, madiwani wakiwa wameshaanza kuingia ukumbini, Kaimu aliniita ghorofani. Safari hii alikuwa amekaa.

"Kibali chako," akasema. "Nimekisaini. Nimefanya marekebisho madogo."

Niliyasoma marekebisho. Pale palipoandikwa kwamba wananchi wanamlilia Meya aliyejiuzulu, palikuwa pamekatwa mstari safi kwa rula. Juu yake iliandikwa kwamba wananchi watamlilia Kaimu Meya, ambaye kwa unyenyekevu anakusudia kuacha kukaimu.

"Mheshimiwa Kaimu," nikasema, "unakusudia kuacha?"

"Nitatangaza baada ya muda mfupi. Itaniuma sana."

"Na Mheshimiwa?"

"Ni mwombaji. Mwombaji amepata kibali alichoomba, kwa wakati, kabla ya Ijumaa kwisha. Una swali?"

Mtumishi wa umma hana maoni juu ya marekebisho. Ana kazi ya kuyatekeleza. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika karatasi, nikapita kile chumba cha chini. Mlango ulikuwa wazi. Nikaona kwamba mtu akiondoa mifagio pangetosha kabisa afisa itifaki, na nikaongeza mwendo.

Bi Kwikwi alisoma kibali, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akakitia kifuani. "Karatasi ni karatasi," akasema. "Wapi nisimame?"

Watu wake walijaa uwanjani. Fulana tulizokuwa nazo stoo zilikuwa na sura ya Mheshimiwa na neno USITUACHE, kwa hiyo tuliwaelekeza wazivae kwa ndani nje. Mheshimiwa alifika akiwa na suti yake nzuri kuliko zote. Askari wa getini, kijana mtiifu sana, alimweleza kwamba walioruhusiwa kuingia ni waliomo kwenye kibali, na waliomo kwenye kibali wanavaa fulana. Alivaa fulana juu ya koti. Nikampeleka mstari wa nyuma, kwa usalama wake, na mimi nikabaki karibu naye, nimeshika waya wa kipaza sauti cha uwanjani, kile kinachopeleka kilio ukumbini kwa madiwani.

"Umefanya kazi kubwa," akaninong'oneza. Alikuwa amenyooka, macho yanang'aa, leso tayari mkononi. "Sitakusahau."

"Nimetekeleza tu, Mheshimiwa."

Kaimu akatokea kwenye roshani. Alizungumza polepole, na kwa mara ya kwanza jiji lilimsikia akimaliza sentensi. Alisema amekaimu kwa uwezo wake wote. Alisema amechoka. Alisema kuanzia sasa hivi anaacha, anarudi kwenye chumba chake kile cha chini ya ngazi, awapishe wengine.

Bi Kwikwi akainua mkono. Mstari wa mbele ukaanza, ukapokea wa pili, kikaja kilio mpaka kwetu nyuma kama maji yanayopanda. Kilikuwa kilio kizuri. Nimehudhuria vilio vingi, nafahamu ninachosema.

Mheshimiwa alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Wanamlilia nani hawa?"

"Kaimu Meya, Mheshimiwa."

"Anaondoka?"

"Alikuwa anaondoka. Sidhani tena kama ataondoka."

"Na mimi je?"

"Wewe uliondoka siku ile, Mheshimiwa. Pale stendi."

Kule juu Kaimu aliinamisha kichwa, akasema yeye ni nani hata akatae, na ndani ya ukumbi madiwani wakagonga meza. Hapo ndipo nilipomsikia Mheshimiwa. Alianza chini sana, kwa sauti isiyokuwa katika daraja lolote la kilio tulilofundisha. Ile leso ilikuwa mkononi lakini hakuitumia. Alilia mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka ndani ya fulana, kama mtu aliyesahau kwamba kuna watu.

Bi Kwikwi aligeuka. Alitembea katikati ya mistari akisukuma watu wake, akafika nyuma, akasimama mbele yake akimsikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mzee," akasema, "wewe umefundishwa na nani?"

Mheshimiwa aliendelea kulia.

"Miaka yote natafuta mtu wa kulia namna hii, kumbe mmemficha nyuma." Akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu, akamsimamisha mstari wa mbele, chini kabisa ya roshani. "Hapo hapo, baba. Usibadilishe kitu."

Mimi nami, kwa kuwa ninaijua kazi yangu, nikamfuata na waya, nikamsogezea kipaza sauti.